Umri wa Wimbo na Umri wa Mtunzi: Jinsi ya Kujua Kama Wimbo wa Zamani Ungali na Hakimiliki

1. Utangulizi

Idara nyingi za Kiswahili katika vyuo vyetu zina hazina ya nyimbo: kanda zilizorekodiwa na wanafunzi, madaftari yenye maneno yaliyonakiliwa kwa mkono, na santuri zilizonunuliwa sokoni au kutolewa na wazee. Hazina hiyo hutumika darasani, lakini ni nadra kuchapishwa. Mwalimu atakapo kuitolea kitabu huulizwa na mchapishaji: je, nyimbo hizi zina wenyewe? Aghalabu jibu huwa moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba wimbo wa zamani ni mali ya watu wote. La pili ni kwamba kila wimbo una mwenyewe, kwa hiyo heri kuuacha. Jibu la kwanza laweza kumdhulumu mjane wa mtunzi. La pili huifungia kabatini sehemu kubwa ya fasihi yetu. Yote mawili hutolewa pasipo uchunguzi.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi uchunguzi huo unavyofanywa, na kuonyesha kwamba sehemu yake kubwa si kazi ya mwanasheria bali ni kazi ya mhakiki wa matini. Sheria hutupatia hesabu. Lakini mambo yanayoingizwa katika hesabu hiyo, yaani nani alitunga, alitunga nini hasa, na alifariki lini, hayapatikani katika sheria. Hupatikana kwa kulinganisha matini, kwa kuyachungua maneno, na kwa kuwahoji watu.

Mfano utakaotuongoza ni wa Makongeni, katika mji wa Thika. Jina lenyewe, kwa umbo lake, lamaanisha mahali penye makonge, na mashamba ya mkonge yalikuwa sehemu ya uchumi wa sehemu za Thika tangu enzi ya ukoloni. Mji ulikua kwa viwanda, na viwanda vikakusanya watu wa lugha mbalimbali ambao Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kazini na katika burudani. Tuseme basi kwamba kwaya moja ya mtaa huo yataka kurekodi nyimbo tatu ambazo wazee wanazikumbuka: "Malaika", wimbo mmoja wa taarab ulioimbwa na Siti binti Saad, na wimbo wa kazi ambao hakuna amjuaye aliyeutunga. Tuseme pia kwamba mhadhiri mmoja ataka kuchapisha maneno ya nyimbo hizo katika diwani ya wanafunzi. Mfano huu ni wa kubuni, lakini maswali yake ndiyo yanayotukabili kila mara.

2. Hesabu ya sheria

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003, yasema kwamba hakimiliki ya utungo wa maandishi au wa muziki hudumu muda wote wa uhai wa mtunzi, na miaka 50 zaidi inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Hapana budi kuyatazama maneno hayo kwa makini. Hesabu haianzi siku wimbo ulipotungwa, wala siku ulipoimbwa kwanza, wala siku santuri ilipotolewa. Huanza na kifo cha mtunzi. Wimbo uliotungwa na kijana wa miaka 20, naye akaishi hadi miaka 80, utalindwa kwa miaka 110. Ndiyo maana neno "wa zamani" halina maana yoyote katika hesabu hii. Nyimbo mbili zilizotolewa mwezi mmoja zaweza kupishana nusu karne katika kuingia kwenye miliki ya umma, yaani hali ya kutokuwa na mwenye haki ya kuzuia matumizi.

Yapo mambo mengine matatu ya kuongezwa. Kwanza, kama watunzi ni wawili au zaidi na michango yao haitenganishiki, hesabu hufuata kifo cha yule aliyefariki mwisho. Pili, kama utungo hauna jina la mtunzi, au una jina la kubuni, miaka 50 huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka ulipochapishwa mara ya kwanza. Lakini mtunzi akijulikana pasipo shaka, hesabu hurudi kwenye uhai wake. Tatu, sheria inayotumika kwa kawaida ni ya mahali wimbo unapotumiwa. Kwaya ya Makongeni ikiimba wimbo wa Unguja jijini Nairobi itafuata sheria ya Kenya, kwa kuwa Kenya, iliyojiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na Tanzania, iliyojiunga mwaka 1994, zote zimeahidi kuzilinda kazi za nchi wanachama. Rekodi hiyo ikiuzwa Ulaya, ambako muda wa kawaida ni uhai na miaka 70, hesabu yaweza kuwa nyingine.

3. Wimbo wa kwanza: mtunzi anayebishaniwa

"Malaika" ni wimbo unaojulikana ulimwenguni kuliko karibu wimbo wowote mwingine wa Kiswahili. Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba aliuimba, akiwa peke yake na pia pamoja na Harry Belafonte, na kundi la Boney M lilitoa toleo lao mwaka 1981. Kwa wasikilizaji wengi Fadhili William ndiye mtunzi. Hata hivyo wapo waliomtaja Adam Salim wa Tanzania, wakisema kwamba wimbo huo ulikuwapo tangu miaka ya 1940, na wengine wamemtaja Lucas Tututu wa Mombasa.

Yafaa kutazama jinsi mabishano haya yanavyobadili hesabu. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Kama yeye ndiye mtunzi, wimbo utalindwa nchini Kenya hadi tarehe 31 Desemba 2051. Kama mtunzi ni mwingine, tarehe hiyo huhama na kufuata mwaka wa kifo cha huyo mwingine. Kama maneno ni ya mmoja na sauti ni ya mwingine, basi zitakuwapo hesabu mbili katika wimbo mmoja.

Mkataba wa Berne, katika kifungu cha 15, watoa njia ya kuanzia: mtu ambaye jina lake limewekwa juu ya kazi kwa namna ya kawaida huchukuliwa kuwa ndiye mtunzi mpaka ithibitishwe vingine. Hii ni dhana ya kisheria, si hukumu ya historia. Yamsaidia mtumiaji kujua abishe hodi kwa nani leo. Haimzuii mtafiti kuendelea kuuliza. Na hapa ndipo uhakiki wa matini unapokuwa na kazi. Wale kati yetu tuliosomea ng'ambo tulifundishwa kupanga miswada ya tenzi kwa kufuata makosa na mabadiliko yanayorithiwa kutoka nakala hadi nakala. Njia hiyo hiyo yaweza kutumika kwa santuri. Maneno ya "Malaika" hayalingani kabisa katika rekodi zote. Mtu akizipanga rekodi kwa miaka, akaandika kila tofauti ya neno, ya matamshi na ya mpangilio wa beti, ataweza kuonyesha toleo lipi limetokana na lipi. Hatapata jina la mtunzi kwa njia hiyo peke yake, lakini atajua ni ushahidi upi unaojitegemea na upi unaorudia tu ule uliotangulia. Madai kumi yaliyonakiliwa kutoka jalada moja la santuri ni dai moja.

4. Wimbo wa pili: mwimbaji si lazima awe mtunzi

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kwa hesabu ya Kenya, haki katika tungo alizozitunga mwenyewe zilikoma tarehe 31 Desemba 2000. Kwaya ya Makongeni yaweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Haijakwisha. Katika taarab, tangu zamani hadi sasa, mshairi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, na mtia sauti aweza kuwa wa tatu. Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na jina lake likawa ndilo jina la nyimbo. Lakini jina lililo kubwa katika kumbukumbu ya watu si lazima liwe jina la aliyeketi akatunga. Kama maneno ya wimbo fulani ni ya mshairi aliyefariki mwaka 1980, maneno hayo yatalindwa hadi mwisho wa mwaka 2030, hata kama mwimbaji wake ametoka katika hesabu tangu mwaka 2000.

Lugha yetu yenyewe yatutatiza katika jambo hili. Tukisema "wimbo wa Siti" kiunganifu "wa" chaweza kumaanisha wimbo alioutunga, alioumiliki, aliozoea kuuimba, au hata unaomhusu. Mtafiti anapouliza "wimbo huu ni wa nani?" atapata jibu la kweli ambalo halijibu swali lake. Heri aulize maswali manne mbalimbali: nani aliyatunga maneno? Nani aliitia sauti? Nani alikuwa wa kwanza kuuimba hadharani? Nani aliurekodi? Majibu manne hayo yaandikwe mbalimbali katika kadi ya wimbo, hata kama jina ni moja.

Tahadhari kama hiyo yahitajika kwa tenzi na mashairi ya kale yanayoimbwa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imo katika miliki ya umma bila swali. Lakini toleo la William Hichens la mwaka 1939 na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977 yana utangulizi, tafsiri na maelezo ambayo ni kazi za wahariri hao, na kila moja ina umri wake. Anayenakili ubeti achunguze pia ananakili ubeti kutoka wapi, na kama anachukua pamoja nao kazi ya mhariri.

5. Wimbo wa tatu: usio na jina

Wimbo wa kazi unaokumbukwa na wazee wa Makongeni wahitaji uamuzi mmoja kabla ya hesabu yoyote: je, ni wimbo wa jadi, au ni wimbo wa mtu ambaye jina lake limesahauliwa? Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na hasara huwa kubwa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake "Mbube" mwaka 1939. Huko ng'ambo wimbo ulipitia mikononi mwa wengi, ukageuzwa jina, na kwa muda ukachukuliwa kana kwamba ni wimbo wa jadi. Linda alifariki mwaka 1962. Warithi wake walipata suluhu mwaka 2006, na hoja kubwa ya mawakili wao ilitoka katika sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Neno "jadi" likiandikwa kwa haraka laweza kufuta mtu.

Ushahidi wa lugha husaidia kutenganisha. Wimbo utajao treni ya Thika hauwezi, katika ubeti huo, kuwa wa kabla ya mwaka 1913, reli ilipofika mjini. Utajao shilingi ni wa baada ya mwaka 1921, sarafu hiyo ilipoanzishwa. Utajao rupia waweza kuwa na asili ya mbele zaidi. Lakini ikumbukwe kwamba waimbaji huingiza neno jipya katika wimbo mkongwe, na huhifadhi neno kongwe katika wimbo mpya kwa ajili ya vina. Kwa hiyo neno huonyesha umri wa ubeti, si umri wa wimbo mzima. Vivyo hivyo kiitikio chenye maneno ya Kikamba, Kikikuyu au Kiluhya katika wimbo wa Kiswahili chaweza kutuambia wimbo uliingia mtaani kwa mlango gani.

Ikionekana kwamba wimbo ni wa jadi, haifuati kwamba hauna mlinzi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, ambayo yaipa jamii, si mtu mmoja, haki juu ya nyimbo zake za kimapokeo, na haihesabu miaka baada ya kifo cha mtu. Mtumiaji mwenye nia ya biashara hutakiwa kupata idhini ya jamii. Wimbo wetu wa taifa ni mfano mwema: mwaka 1963 kamati ya watu watano iliutengeneza kwa kutumia sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Wimbo wa taifa ni utungo mpya wenye watungaji wanaojulikana. Bembelezo lile linabaki la Wapokomo.

Ikionekana, kinyume chake, kwamba mtunzi alikuwapo ila jina limepotea, hesabu ni miaka 50 tangu kuchapishwa. Hapa mtafiti awe tayari kwa jambo lisilotarajiwa. Utafiti wake ukilifufua jina, hufufua pia hesabu ya uhai. Wimbo uliodhaniwa kuwa huru waweza kuonekana kwamba ungali na wenyewe. Hiyo si sababu ya kuacha utafiti. Ni sababu ya kuufanya kabla ya kuchapisha, si baada yake.

6. Rekodi si wimbo

Santuri hubeba haki zaidi ya moja. Juu ya haki ya mtunzi ipo haki ya rekodi yenyewe, ambayo nchini Kenya hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Rekodi ya "Malaika" iliyofanywa mwaka 1960 ilimaliza muda huo mwishoni mwa mwaka 2010. Utungo, kama tulivyoona, waweza kuendelea hadi 2051. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ilirekodiwa mwaka 1982, basi rekodi hiyo italindwa hadi mwisho wa 2032, na utungo utafuata uhai wa mtunzi wake. Kwa hiyo kusema kwamba "santuri imekwisha muda" hakumruhusu mtu kuuimba wimbo upya kwa biashara. Wala wimbo kuingia katika miliki ya umma hakumruhusu kunakili rekodi mpya ya wimbo huo. Na nje ya Kenya hesabu ni nyingine tena: Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, hulinda rekodi nyingi za miaka ya 1957 hadi mwanzo wa 1972 mpaka Februari 2067.

7. Mahali pa kutafutia ushahidi

Yafaa uchunguzi ufuate mpango. Mtafiti aanze na kitu chenyewe: karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri, yenye jina la wimbo, namba, jina la kampuni, na jina moja au mawili katika mabano. Majina ya mabano ndiyo aghalabu yanayokusudiwa kuwa ya watunzi, ingawa mara nyingine ni ya mwenye studio. Kisha atazame daftari la Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, akijua kwamba kuandikishwa si sharti la kuwa na haki. Wimbo usioonekana daftarini haumaanishi wimbo usio na mwenyewe. Kisha aende katika vyama vya ukusanyaji wa mirabaha, maktaba za sauti za mashirika ya utangazaji, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na magazeti ya wakati huo. Mwisho, na pengine lingekuwa la kwanza, azungumze na wanamuziki wazee na jamaa zao wangali hai.

Ushahidi mdogo waweza kuwa na nguvu kubwa. Katika kesi ya Marekani kuhusu wimbo wa siku ya kuzaliwa, "Happy Birthday", uliokuwa ukitozwa ada kwa miaka mingi, kitabu cha nyimbo cha mwaka 1922 kilichokuwa na maneno hayo kilikuwa miongoni mwa vielelezo, na mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba kampuni iliyodai maneno hayo haikuonyesha kuwa na haki halali juu yake. Kitabu kama hicho chaweza kuwa katika sanduku la nyumba yoyote ya Makongeni.

8. Mwalimu aruhusiwa nini?

Hata wimbo ungali na hakimiliki, sheria ya Kenya hairuhusu dhuluma kwa mtunzi wala haimfungi mwalimu mikono. Matumizi ya haki kwa utafiti, uhakiki na tahakiki huruhusiwa, maadamu mtunzi anatajwa. Katika mkusanyiko uliokusudiwa shule au chuo kikuu, vifungu vifupi visivyozidi viwili vya utungo mmoja vyaweza kutiwa pamoja na jina la utungo na la mtunzi. Mhariri wa diwani ya nyimbo akumbuke lakini kwamba wimbo ni mfupi: vifungu viwili vya riwaya ni tone, vifungu viwili vya wimbo vyaweza kuwa nusu yake. Mwenye kutaka wimbo mzima aombe idhini kwa maandishi. Na hata wimbo ukiwa katika miliki ya umma, kumtaja mtunzi kunabaki kuwa wajibu wa mwanachuoni.

9. Hitimisho

Kwaya ya Makongeni, baada ya uchunguzi, ingekuwa na majibu matatu tofauti kwa nyimbo tatu ambazo wote waliziita za zamani. Wa kwanza ungali na hakimiliki, na idhini iombwe kwa warithi wa yule anayetajwa kuwa mtunzi. Wa pili unategemea jina la mshairi, si la mwimbaji. Wa tatu hauwezi kuamuliwa mpaka ijulikane kama ni wa jamii au wa mtu.

Pendekezo langu kwa idara zetu ni jepesi. Kila mwanafunzi anayekusanya wimbo aandike katika kadi yake mtunzi wa maneno, mtia sauti, mwimbaji, mwaka na mahali pa kurekodi, na mwaka wa kifo cha kila mmoja kama amefariki, pamoja na jina la aliyeyasema hayo. Kazi hiyo huchukua nusu saa mzee angali hai, na yaweza kushindikana kabisa akishafariki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyimbo, daftari hilo ni letu sisi kuliandika.